Risiti Kumi na Nne

Mama Urmila alirudi kutoka benki saa sita na nusu mchana, Ijumaa, siku moja kabla ya sikukuu ya Diwali, duka likiwa limejaa watu hadi barazani. Hakuzunguka kuingia nyuma ya kaunta. Alisimama upande wa wateja kama mteja mwingine yeyote, akaitandaza karatasi ya benki juu ya kitambaa cha manjano ambacho mkwewe Shayal alikuwa akimpimia mwanamke mmoja wa kijiji cha Wainikoro.

"Nionyeshe pesa za kadi," akasema. "Mimi macho yangu mabovu. Labda wewe uliyesoma utaziona."

Shayal akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Pesa taslimu zilizopelekwa Jumatatu zilikuwapo, na za Jumatano zilikuwapo. Za kadi hazikuwa chache, hazikuwapo kabisa. Siku sita mashine ile ndogo ya kijivu ilikuwa imelia juu ya kaunta, kadi zikaguswa, risiti zikatoka, watu wakaondoka na sari na mapazia mapya, na duka halikupata hata senti moja.

Foleni ikaanza kunong'ona. Bibi Jaswanti, aliyekuja asubuhi kununua uzi na bado alikuwa hajaondoka, aliuliza kwa sauti ya msibani kama ni kweli kwamba mashine hizo huzipeleka pesa kwa aliyezitengeneza. Mtu mmoja nyuma akasema afadhali noti, noti unaiona inavyoondoka. Yule mwanamke wa Wainikoro, ambaye kadi yake ilikuwa tayari mkononi, aliirudisha kwenye mkoba polepole, akaufunga mkoba, akasema atapita tena. Kitambaa cha manjano kilibaki kimetandazwa, hakina mwenyewe.

Shayal aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Yeye hakuwa msemaji. Alipoolewa na kuja kuishi kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka hili, jambo moja tu alikuwa ameliomba kwa mama mkwe, nalo ni mashine ya kadi, kwa sababu aliona watu waliotoka Sydney na Auckland kuja kwa harusi na sikukuu wakichungulia mlangoni, wakauliza kama kadi inapokelewa, wakavuka barabara kwenda kwingine. Mama Urmila alikubali ijaribiwe mpaka Diwali.

Sasa daftari lilikuwa wazi mbele yao. Mama Urmila huandika kila mauzo kwa jina la mtu, maana katika mji wa Labasa hakuna mtu asiyemjua. Mauzo ya kadi hamsini na nane. Dola elfu tisa na mia sita arobaini. Hizo zilikuwa za tajiri wa vitambaa wa mji mkuu, Suva, aliyetoa mzigo wote wa Diwali kwa ahadi na kusema Jumanne ndiyo mwisho. Asipoziona Jumanne, hatatuma vitambaa vya sare za shule. Na duka la vitambaa lisilo na sare mwezi wa Januari ni kivuli tu cha watu wanaosubiri basi.

"Mashine itarudi kwao," Mama Urmila akasema, na alisema kwa upole, jambo lililouma zaidi. "Na wewe, mwanangu, kama kule hotelini ulikokuwa ukifanya kazi bado wanakutaka, mimi sitakuzuia."

Alisema hivyo mbele ya watu kumi na tisa. Shayal aliwahesabu bila kutaka.

* * *

Namba ya simu ilikuwa imebandikwa mgongoni mwa mashine. Shayal alipiga akiwa amechuchumaa nyuma ya majora ya kitambaa, na kijana wa kampuni aliyepokea huko Suva alikuwa na haraka kama mtu mwenye kiatu kimoja mguuni. Alimuuliza mauzo yanaanzaje. Anabonyeza nini kwanza?

Shayal akajibu kwamba hubonyeza kile cha kulia, cha pili kutoka chini, kisha huandika kiasi, kisha kadi inaguswa, kisha inaandika kwamba imekubaliwa.

Kijana alimwomba arudie. Halafu haraka yote ikamtoka sautini.

"Dada, hicho si cha kuuza," akasema. "Hicho ni cha kushika. Umezishika pesa za watu siku sita, hujazichukua."

Shayal alikaa chini sakafuni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka sita alikuwa mapokezi kwenye hoteli ya Savusavu, na kila mgeni aliyeingia alikuwa akishikiwa pesa kwanza: benki inaziweka kando kwenye akaunti ya mgeni, mwenyewe hawezi kuzitumia, lakini hazijaenda popote. Siku ya kuondoka ndipo hoteli huzichukua. Vidole vyake vilikuwa vimekariri njia hiyo kama miguu inavyokariri njia ya kisimani. Na fundi alipoleta mashine Jumamosi, alimuuliza kama anazijua mashine hizi, naye kwa kuona haya kumchelewesha akajibu kwamba anazijua.

Kijana alimwambia kuna dawa. Kila risiti ya kushika ina namba ya idhini, tarakimu sita. Abonyeze "Kamilisha", aandike namba na kiasi, na pesa zitakuja. Ila benki hushika kwa siku saba tu. Zikipita siku saba, inaziachia, zinamrudia mwenye kadi. Shayal akauliza kama kampuni yenyewe haina hizo namba. Zipo, kijana akasema, lakini kuzitoa ni siku tatu za kazi, na kesho ni Diwali, na Jumapili ni Jumapili.

"Risiti zako unazo?" akauliza.

Shayal alitazama juu. Kwenye msumari kando ya kaunta kulikuwa na bunda la risiti, nene kama mkate.

"Ninazo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akasimama wima.

* * *

Aliwaeleza wote, kwa sauti ndogo, na kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo foleni nzima ilisogea kumsikia. Alisema kosa ni lake. Alisema pesa hazijaibiwa, zipo, zimesimama mlangoni na hazijaingia. Kisha akaomba mtu mwenye macho mazuri amsomee namba.

Bibi Jaswanti alikuwa ameshavaa miwani.

Risiti ya kwanza ilikuwa ya Alhamisi. Bibi Jaswanti akasoma tarakimu sita kama anaita watoto shuleni, Shayal akaandika, akaandika dola arobaini na mbili, akabonyeza. Mashine iliwaza. Watu waliwaza nayo. Ikalia, ikatoa karatasi: imekamilika.

Kelele iliyotoka hapo ilimfanya mwenye duka la dawa la jirani aje kuchungulia. Ya pili ikakamilika, ya tatu ikakamilika. Mtu akachukua daftari na kazi ya kuweka alama penye kila jina. Mwingine aliwazuia wapya mlangoni akiwaambia wangoje, duka linavuna. Waliokuwa wamekuja kununua utepe wa dola mbili walikaa juu ya majora wakihesabu kwa pamoja, na ilipofika thelathini Bibi Jaswanti aliomba maji, akakataa kumwachia mtu mwingine miwani yake. Ya arobaini na nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho msumarini.

Shayal akaupapasa msumari mtupu kama anayetarajia kwamba utatoa nyingine.

"Bado kumi na nne," akasema. "Zote za Jumamosi. Mama, za Jumamosi ziko wapi?"

Wakati wote huo Mama Urmila alikuwa amesimama kando ya pazia linalotenganisha duka na nyumba, na sasa alikuwa amelishika pazia. Kisha akaingia, akatoka na sinia ya shaba.

Hakuna duka la watu wao ambalo pesa ya kwanza haipelekwi mbele ya Lakshmi. Noti ya kwanza ya asubuhi huguswa paji la uso, huwekwa mbele ya mungu wa kike wa baraka, na taa huwashwa. Mashine ilipoanza kazi Jumamosi hapakuwa na noti. Mama Urmila, ambaye mdomoni aliilaumu mashine siku nzima, jioni alizikusanya risiti zote za siku ile ya kwanza bila kumwambia mtu, akazipanga kwenye sinia pamoja na ua na bizari, akaweka taa ya mafuta ya nazi katikati, akaiombea mashine ya mkwewe.

Karatasi za mashine haziandikwi kwa wino. Huandikwa kwa joto, na mafuta huyala maandishi yake. Risiti kumi na nne zilikuwa safi, zinang'aa, hazina neno wala tarakimu, kama hazijapata kuzaliwa.

Hakuna aliyecheka. Mama Urmila alikaa juu ya jora la kitambaa cha pazia, sinia mapajani, akawa mdogo ghafla.

"Nilizipeleka zibarikiwe," akasema.

Shayal aliona machozi yanamjia, si kwa ajili ya pesa. Alipiga magoti akaichukua sinia, akasema kwamba kila mteja alipewa nakala yake, na nakala ina namba ileile. Kumi na nne ni watu kumi na wanne tu. Mama mwenyewe ndiye aliyeandika majina. Alianza kuyasoma, na jina la kwanza kabisa, mteja wa kwanza wa mashine, lilikuwa la Sumintra wa Sydney, sari ya harusi ya binti yake pamoja na nguo za mashemeji: dola elfu mbili mia moja themanini.

"Sumintra?" akasema mtu wa mlangoni. "Nimewapita sasa hivi wakifunga mizigo juu ya gari. Anaondoka na ndege ya saa tisa."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

* * *

Simu ya Sumintra ilikuwa ya Sydney na ilikuwa imezimwa. Simu ya wifi yake mwenyeji iliita hadi ikachoka. Shayal akampigia mumewe.

Ronil alikuwa kwenye foleni ya kiwanda cha sukari tangu alfajiri, lori lake limejaa miwa, malori kumi na saba mbele yake na ishirini na kitu nyuma. Mtu akitoka kwenye foleni ile harudi mahali pake. Huanza upya mkiani. Shayal hakuthubutu kumwomba atoke. Alimweleza tu yaliyotokea, na akiwa bado anaeleza alisikia injini ikiwashwa, na sauti ya Isikeli, dereva wa lori la nyuma, ikipiga kelele kumuuliza Ronil kama miwa yake imekata tamaa ya kuwa sukari.

Lori lilisimama mbele ya duka dakika nane baadaye, likiangusha miwa barabarani. Shayal alipanda na mashine kifuani, ameifunga kwa mtandio kama mtoto mchanga. Kabla hajafunga mlango, Mama Urmila naye alikuwa ameweka mguu.

"Sogea," akasema.

Ronil aliuliza kama Mama ana uhakika, maana kiti kimechanika. Mama Urmila akamjibu kwamba hakupanda kukaa kwenye kiti, amepanda kwenda uwanja wa ndege wa Waiqele, na kama gari ni bovu aseme mapema ateremke akodi punda.

Lori la miwa halikuumbwa kukimbia. Lilikimbia hivyo hivyo. Kwenye kila kona mzigo uliinama, miwa miwili mitatu ikaruka, na watoto waliokuwa wakitundika taa za umeme kwenye ua waliikimbilia wakishangilia. Mama Urmila alishika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na kioo cha dirisha kwa mwingine. Shayal alitazama saa. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Sumintra, na kila alipoyapanga yalisikika kama maneno ya mwizi.

* * *

Uwanja wa Waiqele ni kibanda cha bati, mizani, na uwanda. Sumintra alikuwa mbele ya mizani, mwanamke mnene mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, amezungukwa na ndugu saba waliokuja kumsindikiza. Shayal alimsalimia akimwita dada, akaanza kueleza, akaeleza vibaya. Alianzia na benki badala ya kuanzia na kosa lake, na kabla hajafika katikati, uso wa Sumintra ulikuwa umekwisha kujifunga.

Sumintra alitoa simu yake, akaionyesha kwa watu wote, si kwa Shayal.

"Tazameni. Dola elfu mbili mia moja themanini zimetoka Jumamosi. Wamenikata, wakala Diwali, sasa wanataka mara ya pili. Na kesho mtanifuata Sydney, siyo?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya ndege waligeuka. Mfanyakazi wa mizani aliacha kuandika. Shayal alihisi ulimi umekuwa kitambaa. Angekuwa peke yake, angeomba radhi na kurudi garini. Lakini nyuma yake alisikia Mama Urmila akivuta pumzi kujibu, na alijua Mama akijibu patakuwa na vita, kwa hiyo akasema yeye kwanza.

"Dada, kadi yako sitaki. Iache mkobani," akasema. "Ukinunua kitambaa leo, ukasema utakipitia kesho, sisi hatukukati pesa wala hatukiuzi. Tunakitia pini yenye jina lako, tunakiweka rafuni. Pesa yako ndivyo ilivyo. Benki imeitia pini yenye jina la duka letu. Hujaitumia, na sisi hatujaipata. Kesho jioni wataitoa pini, itarudi kwako, na sari umeshaondoka nayo. Mimi nilibonyeza vibaya. Ninachokuomba ni kusoma namba sita tu kwenye risiti."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya watu. Sumintra alimwangalia. Hakulainika, lakini alitatizika, kwa sababu mtu anayetaka kuiba hakatai kadi. Akauliza kwa ukali, ikiwa atatoa namba kisha simu yake ionyeshe amekatwa tena, itakuwaje?

"Simu yako uishike mkononi," Shayal akasema. "Ikibadilika hata senti, pandisha Mama yangu na mimi kwenye gari la polisi."

"Mimi kiti cha mbele," akasema Mama Urmila.

Mmoja wa ndugu akacheka, akajizuia. Sumintra akashusha pumzi. Risiti, akasema, ipo ndani ya boksi la sari, na boksi limo kwenye sanduku, na sanduku lipo juu ya mizani, limefungwa kamba na limeshabandikwa karatasi ya safari.

Mfanyakazi wa mizani alitazama saa ya ukutani, akaitazama miwa nje ya mlango, akakata kamba mwenyewe.

Sanduku la mtu anayerudi ng'ambo si la kufunguliwa mbele ya watu. Kwanza zilitoka chupa nne za achari. Kisha pilipili kavu, kisha mfuko wa kava, ile mizizi ya kinywaji, kisha kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia. Sumintra alikuwa akipokea kila kitu akikibana kwapani haraka haraka, akisema hiki cha jirani, hiki cha kanisa la jirani. Kisha ikatoka sufuria ya chuma cha pua yenye mpini mweusi, na wifi yake mwenyeji akasogea mbele.

"Sumintra," akasema. "Si sufuria yangu ya chai hiyo? Niliyoitafuta tangu Jumanne, nikampiga mtoto?"

Hapo kibanda kizima kilicheka. Alicheka mfanyakazi wa mizani, akacheka rubani aliyekuwa akinywa maji mlangoni, na Sumintra mwenyewe, baada ya kusimama kidogo na achari kila kwapa, alianza kutikisika mabega. Akasema Sydney nzima hakuna sufuria inayochemsha chai kama ile. Wifi akasema ajue na ng'ombe yupo nyumbani kama ana nafasi. Na chini kabisa ya sanduku, ndani ya boksi, katikati ya sari nyekundu iliyofungwa kwa karatasi nyeupe, risiti ilikuwa imelala kavu, maandishi yake meusi, tarakimu zote sita.

Shayal akaandika namba. Akaandika kiasi. Akabonyeza.

Mashine ikasema inatafuta mtandao.

Ikatafuta. Bati la kibanda lilikuwa limeizuia. Akatoka nje nayo, ikatafuta. Ndege ilikuwa tayari imesimama uwandani na mtu alikuwa akiwaita abiria kwa majina. Shayal alizunguka na mashine juu ya kichwa, akaenda kwenye mlingoti wa bendera, akarudi. Kisha akamtazama mumewe, na mumewe akatazama lori, wakaelewana bila neno. Ronil alimwinua kwa kiuno, naye Shayal akakanyaga tairi, akakanyaga ubao, akapanda juu ya miwa.

Alisimama pale juu akiyumba, viatu vimebaki chini, mtandio unapepea, mashine imenyooshwa juu kuelekea vilima vya mjini. Chini, Sumintra alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, ndugu saba wamemzunguka, Mama Urmila bega kwa bega naye, wote wakikodolea namba moja kwenye kioo. Wote walikuwa wakingoja kisitokee kitu.

Mashine ikalia.

"Imekamilika!" Shayal akapiga kelele. Hakuwahi kujua kwamba ana sauti kubwa namna ile.

"Haijabadilika," akasema Sumintra akiitazama simu. Kisha akarudia kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu, "Haijabadilika hata senti!" Akamkumbatia Mama Urmila, chupa ya achari ikiwa katikati yao, na kukimbilia ndege. Sufuria aliondoka nayo.

* * *

Waliobaki walikuwa kumi na watatu. Njiani Shayal alitaka waanze kuzunguka nyumba kwa nyumba jioni ileile. Mama Urmila alikuwa ameshika daftari, akipitisha kidole kwenye majina.

"Hakuna kuzunguka," akasema. "Kesho ni Diwali. Hawa wote wataniletea sinia za vitamu, na wasiponiletea watanisikia mwaka mzima. Wape taarifa tu waje na karatasi."

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, taa za udongo zikiwa zimewashwa kuzunguka baraza na fataki zikianza upande wa mtoni, Mama Urmila alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mashine na Shayal kando yake. Kila aliyekuja na vitamu, ladu au barfi, alipokewa kwa salamu, akaulizwa karatasi kabla hajaulizwa hali. Mwenye jalebi, zinazochuruzika mafuta na shira, alisubirishwa mpaka mikono yake ioshwe. Bibi Jaswanti, ambaye hakuwa na risiti yoyote, alikuja na miwani. Kufikia saa moja na nusu zilikuwa zimekamilika kumi na mbili, na Ronil, aliyerudi kutoka mkiani mwa foleni ya kiwanda akiwa mweusi kwa masizi, alikuwa akila barfi kwa mkono ambao mkewe alimkataza kuutumia.

Wa kumi na tatu alikuwa Mwalimu Nacanieli, mzee aliyestaafu shule ya misheni, ambaye alinunua kitambaa cha pazia cha dola themanini na sita. Alikuja akiwa amejifunga kiunoni sulu yake ya Jumapili, hana sinia, ameshika shati mkononi. Ndani ya mfuko wa shati mlikuwa na donge jeupe gumu la karatasi. Shati lilikuwa limefuliwa. Alisema anaona haya mbele ya nyumba hii. Mama Urmila alimpa kiti na chai, akamwambia dola themanini na sita hazijapata kuua mtu. Lakini baada ya mzee kuondoka alilichukua daftari, akaacha jina lile bila alama, akalifunga.

* * *

Jumatatu asubuhi ujumbe wa benki uliingia kwenye simu ya Shayal kabla duka halijafunguliwa. Za Ijumaa na za Jumamosi zote zilikuwa zimefika, na za Sumintra zikiwamo. Alimsomea Mama mkwe kiasi mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa sababu Mama alidai hakusikia vizuri. Saa tatu walituma pesa za Suva, pengo la themanini na sita likijazwa kwa taslimu, na saa tatu na robo tajiri wa vitambaa alijibu akiuliza sare wanataka majora mangapi.

Mwalimu Nacanieli alikuwa wa kwanza kuingia. Alisimama mbele ya kaunta, akavua kofia.

"Zimenirudia jana," akasema. "Simu imelia kanisani, katikati ya mahubiri. Nikaona ni za kwenu, sikusikia tena neno la mchungaji."

Akatoa kadi. Shayal alinyoosha mkono kuichukua mashine, lakini Mama Urmila alikuwa ameshaivuta upande wake. Aliikagua kwa muda, miwani puani, akabonyeza cha kuuza bila kuuliza, akaandika nane, akaandika sita, akamgeuzia Mwalimu aguse. Ililia. Mama Urmila hakuangalia karatasi. Alimwangalia Shayal, naye Shayal akaitikia kwa kichwa.

Mlangoni watu walikuwa wameanza kujipanga, akiwamo yule mwanamke wa Wainikoro, kadi mkononi, akitaka mita tatu za kitambaa cha sare cha buluu. Juu ya kaunta ulilala mkasi mrefu wa Mama Urmila, ambao kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyeruhusiwa kuushika, hata marehemu mumewe. Mama akausukuma kwa kidole mpaka mpini ukagusa mkono wa mkwewe.

"Mita tatu," akasema. "Kata sawasawa. Mimi nina kazi huku."